Safu ya Maumivu Niliyoiacha Tupu

Siku mliyoniaga pale zahanati, mlipokwisha kunivisha kanga na kunisifia mambo ambayo nusu yake sikuyafanya, nesi mmoja kati yenu aliniuliza kwa nini mtu mzima natembelea bakora ambayo haijamalizika kuchongwa. Nilimjibu kwamba habari ni ndefu na pilau linapoa. Lilikuwa linapoa kweli. Sasa nimestaafu, muda ninao, na goti haliniruhusu kwenda mbali, basi nimekaa niiandike.

Vyeo na mishahara sivigusi, mtajionea wenyewe. Nataka niwaambie habari ya fomu moja, ya kosa nililolifanya wiki tatu mfululizo kwa mwandiko mzuri, na ya mzee mmoja wa Mbagala ambaye nusura nimpeleke mahali asipostahili.

Nilifika Mtoni nikiwa binti wa Kimakua kutoka Masasi, cheti mkononi, viatu vyeupe miguuni. Nchi ilikuwa changa na sie tulikuwa wachanga zaidi. Kila mtu alikuwa anajenga taifa, hata yule aliyekuwa amelala. Aliyenipokea ni Mzee Sefu, dresa wa zahanati. Madresa ninyi hamkuwakuta. Walikuwa watu waliofunzwa tangu wakati wa Mwingereza kuosha vidonda, kufunga bendeji na kung'oa meno, bila cheti cha kutundika ukutani. Mzee Sefu aliviangalia viatu vyangu akasema, "Mwanangu, hivyo vina siku mbili." Vilikuwa na siku moja.

Asubuhi ile hakunipa sindano wala dawa. Alinipa beseni, sabuni ya mche na bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu, akaniambia nimwoshe mwili mzima. Mie na cheti changu nikamjibu kwamba kidonda kiko mguuni.

"Hicho ndicho alichokuonyesha," akasema, akaenda zake.

Nilipomgeuza bibi nikakuta kingine mgongoni, kikubwa kuliko cha kwanza. Nikamwuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba mgongo hakuulizwa.

Baada ya Azimio la Arusha tukaambiwa afya iwafuate wananchi majumbani. Wananchi wangu walikuwa wazee, kuanzia Mtoni hadi Mbagala, na wengi wao walikuwa wamepungukiwa na kumbukumbu. Ninyi leo mnauita ugonjwa na mna jina lake. Wakati ule watu walisema uzee umempanda kichwani, au ana shetani, au kuna jirani kamfanyia kitu. Ndipo Daktari wetu, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, akatuletea Fomu ya Dalili. Maswali kumi na matano, yamechapwa kwa stensili, wino bado unanuka, yametafsiriwa na mtu ambaye nina hakika hakuwahi kumuuguza bibi yake.

Swali la nne lilitaka kujua kama mgonjwa huenda dukani akarudi na kitu kingine tofauti na alichokifuata. Jamani! Miaka ile ulikwenda duka la ushirika kufuata sukari ukarudi na majani ya chai, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Kwa kipimo hicho watu wa Temeke nzima walikuwa wagonjwa. Swali la saba liliuliza kama hurudia maneno yaleyale kila siku. Nilikuwa nikilisoma kwa sauti na balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Mshamu, mjumbe wa Chama mtaani, amesimama mlangoni, nami sikuthubutu kumtazama. Swali la tisa lilikuwa: Rais wa nchi ni nani? Bibi mmoja wa Mtoni alimtupia jicho balozi huyohuyo, akafunga mdomo kabisa. Balozi alipoondoka akaninong'oneza sikioni, "Mwanangu, mie kadi ya Chama ninayo. Mambo ya kutajataja majina ya wakubwa simo." Daktari alimpa sifuri. Mie naona bibi yule alikuwa na akili kutushinda sote.

Lakini nisikufuru. Fomu ile ilikuwa nzuri kuliko sie tulioijaza. Ilikuwa na safu ya fujo, ambamo ulitakiwa uandike siku na saa zilipotokea. Ilikuwa na safu ya usingizi. Na katika swali la kumi na mbili ilikuwa na safu ya maumivu, na chini yake maelekezo mafupi: Muulize mgonjwa hali yake. Daktari alisema tena na tena kwamba mtu aliyepoteza kumbukumbu anaweza kupiga kelele kwa sababu anaumia na hajui kusema. Tuliandika maneno hayo kwenye madaftari yetu, tukayapigia mstari.

Sasa niwajulishe kwa Mzee Likwata. Alikuwa Mmakonde, mchonga mpingo, anakaa Mbagala ya wakati huo, ya mikorosho na nyumba za makuti, si hii mnayosukumana ndani yake leo. Aliishi na binti yake, Modesta, ambaye hakuwa na mume wala ndugu wa karibu. Mzee alikuwa amesahau kwamba mkewe amekufa, akimwulizia kila jioni. Modesta mwenyewe, mzee alimwita "mama". Patasi Modesta alizificha, lakini ukimpa mzee kipande cha mti na msasa, alisugua kutwa nzima, taratibu, na mikono haikukosea.

Kitu kingine ambacho hakikumtoka ni adabu. Ukimwamkia, anaitika "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Hali yako, mzee?"

"Njema tu, sijui wewe."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Hao walionisalimu wengi wao walikuwa makaburini, lakini salamu zilifika.

Basi siku moja Modesta akaja zahanati jicho limevimba. "Sista, baba kanipiga na bakuli la uji," akasema. "Alikuwaga mpole, we mwenyewe unamjua. Sasa anapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Jana kamtupia sahani mtoto wa watu." Majirani walikuwa wameshapeleka malalamiko kwa balozi, na Bwana Mshamu, ambaye hakuwahi kuiona karatasi asitake kuiandika, aliandika barua kwa Daktari kwamba usalama wa nyumba kumi uko hatarini.

Daktari akaniita. Akasema nimjazie fomu mzee kila wiki, kwa wiki tatu. Kama kuna maradhi ya mwili, yatatibiwa hapa. Kama hayapo na fujo zinaendelea, basi ni kichwa, na itabidi apelekwe kwa treni hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara. Nilipomweleza Modesta, alinishika mkono kwa nguvu. "Sista, wakimpeleka huko harudi. Na huko atamwita nani mama?"

Nilikuwa na fomu.

Nilikwenda kila Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa na ubao wangu wenye kibanio, penseli mbili zimechongwa, na heshima zote za kazi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." "Hali yako?" "Njema tu, sijui wewe." "Hakuna kinachokusumbua?" "Namshukuru Mungu." Safu ya maumivu nikaiacha tupu, pembeni nikaandika: Hana. Kisha namgeukia Modesta, ananitajia siku na saa za fujo, naziandika zote. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu hivyohivyo, tena nikaongeza maelezo yangu mwenyewe: Anaitika vizuri, hana dalili ya kuumwa. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Daktari alizitandaza fomu tatu mezani, akausifu mwandiko. "Fujo nyingi, maumivu hakuna," akasema. "Basi ni kichwa." Akaandika barua. Gari lingemfuata mzee Ijumaa, kumpeleka stesheni.

Barua niliipeleka mie mwenyewe Jumatano. Nilidhani Modesta atalia au atanifukuza. Hakufanya hata kimoja. Alianza kukunja mashati ya baba yake, mawili, akayaweka kwenye mfuko wa kitambaa. Kisha akaniuliza kama kule hospitali wataruhusu msasa. Nikamwambia sijui. Akautia ndani ya mfuko hata hivyo, akaufunika kwa shati ili usionekane. Niliumia mie! Nilirudi Mtoni sioni njia.

Mzee Sefu alikuwa anachemsha vyombo. Nilimweleza yote, akasikiliza bila kugeuka. Nilipomaliza akafuta mikono, akasema kesho tutakwenda wote Mbagala, kwa sababu Mzee Likwata alimwahidi bakora ya mpingo miaka mingi iliyopita na yeye bado anaingoja.

"Mzee wangu, yule hajui jina la mwanawe. Ataikumbuka bakora yako?"

"Mie nitaikumbuka kwa niaba yake."

Alhamisi nilimhimiza tuondoke mapema. Wapi! Alisema haondoki mpaka vidonda vyote viishe kuoshwa. Tulifika Mbagala inakaribia saa saba, Modesta ameshaepua chakula. Nikapiga hodi, tukakaribishwa. Mzee Likwata alikuwa kwenye mkeka, amejiweka sawa kupokea wageni. Mzee Sefu akavua viatu, akaenda akakaa pembeni yake, na hakumwamkia.

Niwaambie, nilitamani ardhi inimeze. Mzee Likwata alikuwa mkubwa wake kwa umri wa baba mdogo. Unaingiaje nyumbani kwa mtu, unakaa mkekani kwake, shikamoo huitoi? Modesta alinitazama kwa macho ya kuuliza huyu mzee vipi, na mie ndiye niliyemleta. Nikafungua mdomo niokoe jahazi. Mzee Sefu akainua kidole kimoja bila kunitazama, nikaufunga.

Mzee Likwata alingoja. "Marahaba" yake ilikuwa tayari mdomoni, unaiona kabisa. Akangoja tena. Mzee Sefu yuko kimya, anamtazama tu. Wiki tatu zote nilizokwenda mie, ukimya kama ule haukupata nafasi kwa maneno yangu. Pole pole uso wa mzee ukaanza kulegea. Nguvu zote za kuwa mwenyeji zikamwisha. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe hadi shavuni, ukabaki hapo, akaanza kujitikisa na kuguna chini chini.

Mzee Sefu akatoa mfukoni korosho za kukaanga, akampa moja. Mzee akaitia mdomoni, akatafuna, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje, akamzaba Mzee Sefu kofi hadi kofia ikaruka.

Mzee Sefu akaiokota kofia, akaikung'uta. "Jino," akasema.

Halafu, kwa sauti ya heshima zote, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," akajibu Mzee Likwata, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Njema tu, sijui wewe."

Modesta alikaa chini palepale aliposimama, akalia. "Baba, mbona husemi? Mie nakulisha vya moto kila siku, kumbe nakuua!" Mie nilikuwa nimesimama na ubao wangu. Mzee Sefu akaniambia nimsomee safu ya fujo, saa tu. Nikasoma: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Saa moja, saa saba, saa kumi na mbili. Nilifika katikati ya wiki ya pili nikaushusha ubao. Wiki tatu nilikuwa nimeandika saa za kula za mzee yule nikaziita fujo, na kila Jumanne saa nne, mdomo wake umetulia, nakwenda kumwuliza kama anaumwa. Fomu ilisema yote. Aliyekuwa haisomi ni mie niliyeijaza.

Jioni ileile tulimleta zahanati. Mzee Sefu alimchoma sindano ya ganzi, akang'oa magego mawili ya kushoto yaliyooza mpaka kwenye mzizi, na usaha uliotoka sitauelezea, huenda mnasoma mezani. Modesta alimshika mikono baba yake muda wote. Kazi ilipokwisha, mzee alimtazama Mzee Sefu akamwuliza kama nyumbani hawajambo.

Ilibaki barua. Ijumaa alfajiri, barua niliyoichukua tena kwa Modesta ikiwa mkononi, nilimngoja Daktari mlangoni kwake kabla gari halijaondoka. Nilimwambia kwamba safu ya maumivu niliijaza vibaya mara tatu.

"Kwa hiyo mgonjwa alikudanganya?"

"Hapana, Daktari. Alinisalimia."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilimweleza kwamba mtu wa kwetu ukimwuliza hali, hata kama mguu umekatika, atasema njema kwanza, na mguu utakuja baadaye. Mzima anafika kwenye huo mguu. Mzee Likwata alikuwa na ile njema peke yake, ya baadaye ilikuwa imeshapotea. Daktari alikuwa mtoto wa Mnyamwezi, alikua akiamkia watu tangu hajaota meno, na bado Ulaya ilimsahaulisha. Aliichukua barua akaichana. Sikumpenda sana kijana yule, lakini aliichana mbele yangu na wala hakunitukana, na hilo nalisema.

Msidhani mambo yaliishia vizuri hapo. Jumatatu ulitoka waraka kutoka ofisini kwake: kuanzia sasa, ni marufuku kumsalimia mgonjwa mzee kabla hajapimwa maumivu. Loo! Tukaanza kuingia majumbani kimya kama wezi. Haikupita muda, Mtoni na Mbagala nzima ikajua kwamba manesi wa serikali hawana adabu. Bibi yule wa kadi ya Chama alinifungia mlango. Bwana Mshamu akapata sababu ya kuandika barua nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Waraka ukafutwa kwa waraka.

Mzee Sefu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanifundisha, na mie nawafundisha ninyi. Mwamkie mzee wako, salamu zote, mpaka wajukuu na mbuzi. Zikiisha, weka penseli chini ukae kimya mpaka achoke kuwa mwenyeji. Tazama mkono unakwenda wapi. Mpe kitu atafune. Mwoshe. Ndipo ushike fomu. Na yale maneno yaliyoandikwa kwa mkono chini ya swali la kumi na mbili, ambayo mmekuwa mkiyanakili kila mnapochapa fomu mpya bila kujua ni ya nani, niliyaandika mie juma lile: Saa za fujo zilinganishe na saa za kula, kuoga na kwenda haja.

Mzee Likwata hakupona usahaulifu, nani anapona? Lakini alikula, na bakuli halikuruka tena. Aliishi miaka kadhaa palepale Mbagala, akimwita binti yake mama, na alifia mkononi mwake. Baada ya mazishi Modesta alileta zahanati fimbo ya mpingo iliyosuguliwa kwa msasa hadi inateleza, ila kichwa chake hakikuchongwa. Alisema baba aliisugua muda wote huo bila kusema ni ya nani. Mzee Sefu aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Sasa nimalizie. Miezi michache kabla hamjaniaga, nilipewa orodha ya wazee wa kutembelewa Gongo la Mboto, na jina la tatu lilikuwa la Mzee Sefu. Alikuwa amehamia kwa mwanawe. Mkwewe alinipokea mlangoni akaniambia, "Mama, usishangae, hajui mtu tena." Nilisimama pale na mkoba wangu, nikajiambia mie ni mtu wa kazi. Nikaingia.

Alikuwa kwenye kiti, bakora ile magotini. Kumnyima salamu mtu aliyenifundisha kazi sikuweza. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Akaniuliza jina langu. Nilimtajia. Akasema ni jina zuri, na nikajua hakuna kilichobaki changu kichwani mwake. Roho iliniuma, sifichi. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaweka penseli chini kama alivyonifundisha, nikanyamaza. Nilitazama mikono yake, shavu, mabega, nione anaumwa wapi. Naye alikuwa kimya, ananitazama. Tulikaa hivyo muda mrefu, nami sikuona kitu.

Kisha akainama, akanyoosha mkono, akaweka vidole viwili pembeni ya goti langu la kulia, akabonyeza. Niliruka kwenye kigoda.

"Hili tangu lini?" akauliza.

Goti lile nilikuwa nimewaficha wote. Miaka miwili mlikuwa mkiniuliza kila asubuhi, mama hujambo, nami nawajibu sijambo, na ngazi za zahanati napanda nikiwa nimeuma meno. Nikamwambia, "Miaka miwili, Mzee."

"Sasa si nimekuuliza hujambo, ukasema sijambo?"

Alinitazama vilevile alivyovitazama viatu vyangu vyeupe. Kisha akaichukua bakora, akaniwekea mapajani, akageukia dirishani. Fomu niliirudisha mkobani haijajazwa, nikaagana na mkwewe, nikatembea hadi kituoni nimeegemea mpingo wa Mzee Likwata.